Pafu la Kulia la Zarina

Bi Shirin alizikwa Jumanne. Mimi nilifika Malindi kesho yake, nikakaa na wanawake chumbani, juu ya mikeka, viatu vyangu vikiwa vimepotea katikati ya viatu vingi pale mlangoni. Wengi hawakunijua. Waliona mama mmoja wa bara, mwenye mvi, leso amejifunga vibaya, wakanisogezea kikombe cha kahawa ya tangawizi na kuendelea na mazungumzo yao. Walikuwa wakiwataja watoto wa marehemu, nani yuko Mombasa, nani alihamia Kanada, mpaka mmoja akasema kwa sauti ya huruma, "Na yule binti yake mdogo, masikini, aliyekufa kwa kifua kikuu." Nikaweka kikombe chini. Njiani nilikuwa nimejiapiza kwamba ninakwenda kutoa pole, si kugombana. "Haikuwa kifua kikuu," nikasema. Nikarudia, safari hii bila kupunguza sauti: "Zarina hakuugua kifua kikuu hata siku moja. Mimi niliona pafu lake kwa macho yangu." Walinitazama kama anavyotazamwa mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, kisha mmoja wao, mtu mwenye adabu, akaniuliza kama nimekula. Sikuwalaumu. Habari ya namna ile haielezeki matangani, kahawa mkononi, na watu wanaingia na kutoka. Lakini niliporudi nyumbani nilikuta hasira yangu ya miaka ile bado ni nzima, haijapungua hata kidogo, nikaona afadhali niiandike.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha kupiga picha za eksirei, nikapata kazi katika hospitali moja ya binafsi ambayo sitaitaja, maana waliokuwamo wakati ule wengi wametangulia na walioko sasa hawana kosa. Chumba changu cha kazi kilikuwa zamani ghala la mashuka. Kilikuwa bado kina rafu za mbao ukutani na harufu ya sabuni ya kufulia, na dirisha lake moja lilitazama baraza ya wodi ya watoto, hata nikawa ninasikia kila kilio na kila ugomvi wa sahani za chakula. Katikati ya chumba kilisimama kitanda chembamba, na kando yake mashine mpya ya altrasaundi, kubwa kama kabati la nguo, imefunikwa kitambaa cha maua alichokishona Sista Kadzo wa wodi ya watoto ili vumbi lisiingie. Akina mama wajawazito waliokuja kutoka Marafa na Sabaki waliiita televisheni. Walilala wakiwa wameshika mikono ya dada zao, nikawapaka jeli tumboni, na jeli ilipoisha mafuta ya kula, kisha nikapitisha kile kifaa cha mkononi kinachotoa sauti isiyosikika na kusubiri mwangwi wake urudi kuwa picha kwenye kioo. "Mbona mtoto hana rangi?" waliniuliza. Nikawa ninacheka nao. Niliipenda kazi ile. Nilijifunza kusoma kile kioo cha kijivu kama mtu anayejifunza uso wa rafiki: maji huwa meusi kabisa, mfupa huwa mweupe na nyuma yake kivuli, ini huwa la kijivu kilichotulia. Na hewa haina sura. Sauti ile ikigonga hewa hurudi yote, kioo kikabaki na ukungu tu. Ndiyo maana tulifundishwa kwamba altrasaundi haitazami mapafu, na Daktari Mkuu, aliyeitafuta mashine ile kwa juhudi zake mwenyewe, aliandika sheria kwa mkono wake na kuibandika ukutani: mimba, ini, figo, basi.

Sitaki kumfanya daktari yule kuwa shetani. Alikuwa mpasuaji hodari, na nilimwona akiokoa mama na mtoto wake huku taa zimezimika, mwanga wa dirishani tu. Lakini alikuwa mtu asiyejua kusema "sijui". Akishasema neno, neno lile lilikuwa ukuta, na sisi wote tulizoea kuuzunguka.

Zarina alilazwa katika miezi ile ya joto kali, wakati hata sakafu ya simiti haipoi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini ungemkadiria minane. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Bwana Nazir, mwenye duka la vitambaa, na mkewe Bi Shirin, watu wa asili ya Kihindi waliozaliwa hapo hapo mjini na kusema Kiswahili kizuri kuliko changu. Alikuwa amekohoa tangu utotoni. Mara mbili alikuwa ametibiwa kifua kikuu, kila mara miezi miwili ya sindano za kila siku kisha vidonge hadi mwaka ukaisha, na mara zote mbili kikohozi kilirudi kama kwamba hakuna lililofanyika. Kilichobaki ni kengele inayolia katika sikio lake la kushoto, mchana kutwa, kwa sababu zile sindano zina tabia ya kuharibu masikio. Shuleni walimkataa. Majirani waliacha kuleta watoto wao kucheza. Mwenyewe hakuonekana mtu wa kuhurumiwa. Siku ya kwanza nilipomsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda kupigwa eksirei, alivuta pumzi kwa shida, akanitazama juu chini na kusema, "Dada, ukinipiga picha mbaya nitairarua."

Picha ilitoka mbaya. Pafu la kushoto lilikuwa na madoa, lakini upande wa kulia ulikuwa mweupe wote kuanzia juu hadi chini, kama mtu aliyemwaga maziwa kwenye filamu. Daktari Mkuu aliiinua kwenye mwanga na kusema maneno mawili: "Maji. Kifua kikuu." Alasiri ile ile akamchoma sindano ndefu katikati ya mbavu ili afyonze maji. Hayakuja maji, ilikuja damu kidogo. Akasema maji yamekuwa mazito, yameganda, kwa hiyo keshokutwa asubuhi atamwekea mpira mnene kifuani, na baada ya hapo zitaanza sindano za kifua kikuu mara ya tatu.

Siku iliyofuata nilipita wodini saa ya chakula cha mchana, na hapo ndipo nilipoanza kumjua Bi Shirin. Alikuwa amekaa kitandani kwa mwanawe, miguu ameikunja, sufuria ameiegemeza kwenye mto, akimlisha kichri, wali laini wa dengu ulioelea samli. Zarina alikula kama mtu aliyetoka kufunga siku tatu. Akala sahani ya kwanza, ya pili, akaomba achari ya embe, akachovya kidole katika chumvi iliyobaki kwenye kifuniko na kukilamba. "Hivi ndivyo anavyokula," Bi Shirin aliniambia, "na mbavu unaziona. Chakula kinakwenda wapi? Kinatoka kama kilivyoingia, kimeng'aa mafuta. Nimemwambia daktari. Nimemwambia na la jasho. Hasikii." Nikamuuliza la jasho ni lipi. Akanishika mkono, akapitisha kidole changu kwenye paji la uso la mtoto. "Onja." Nikasita, wagonjwa wengine walikuwa wanatutazama. "Onja, mwanangu, si sumu." Nikaonja. Ilikuwa chumvi kali, chumvi ya mtu aliyetoka kuogelea akakaukia juani, na mtoto yule alikuwa hajagusa bahari kwa miezi. Bi Shirin akanionyesha gauni lake, lenye mistari myeupe kwapani na mgongoni. Ndugu yake aliyekuwa Uingereza, akasema, alipata mtoto wa kiume mwenye jasho la namna hiyo hiyo, kikohozi hicho hicho, na njaa isiyokwisha. Madaktari wa huko walikuwa na jina la ugonjwa ule. Mtoto huzaliwa nao, ameurithi kwa baba na mama wasiojua kwamba wanao. Haumwambukizi mtu. Makohozi huwa mazito kama gundi na kuziba njia za pumzi. "Nilipomwambia daktari, alicheka," akasema. "Kasema hayo ni maradhi ya Wazungu, mimi nimeyasikia redioni. Mimi! Redio yenyewe imeharibika tangu mwaka juzi."

Nilirudi chumbani kwangu na ladha ile mdomoni. Nilikuwa sijui lolote kuhusu ugonjwa huo. Chuoni tulisoma mistari miwili juu yake, na mistari yenyewe ilisema kwamba hatutauona. Lakini kulikuwa na jambo moja nililolijua vizuri kuliko mtu yeyote hospitalini pale, nalo ni sura ya maji kwenye kioo. Kama upande ule wa kulia umejaa maji, basi hapana hewa ya kuizuia sauti. Na kama hapana hewa, mashine yangu ingeweza kuona. Nilikaa juu ya kitanda kile chembamba nikiitazama karatasi ya ukutani, mimba, ini, figo, basi. Kisha nikatoka kwenda kumtafuta Sista Kadzo.

Kadzo alikuwa mwenyeji wa Kakuyuni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili, na aliyewahi kunifokea mara nyingi kwa kuacha mlango wazi. Nilidhani atanifokea tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama huku na huku barazani, akasema, "Saa saba daktari huenda kula. Hurudi saa nane na robo. Nitamleta mimi mwenyewe, na akiuliza mtu, mtoto kaenda kuoshwa."

Alimleta amembeba mgongoni, Bi Shirin nyuma yao na sufuria yake. Tulimkalisha kitandani ameinama mbele, amekumbatia mto. Nikampaka mafuta mgongoni upande wa kulia, nikaweka kile kifaa kati ya mbavu. Nilitegemea weusi. Mpaka leo ninaweza kufumba macho nikauona mshangao ule: hapakuwa na weusi. Kilichotokea ni kijivu kilichotulia, kizito, kinachofanana kabisa na ini, na ndani yake vijistari vyeupe vimetawanyika kama matawi ya mti mkavu. Nilidhani nimeshuka mno, nimefika kwenye ini, nikapanda juu. Kijivu. Nikaenda ubavuni. Kijivu. Nikakipeleka polepole kote, kila mwanya kati ya mbavu, na mahali pote maji hayakuwapo hata kijiko. Nililokuwa ninalitazama lilikuwa pafu lenyewe, limezibwa, limekosa hewa, limekuwa nyama tupu, na vile vijistari vyeupe vilikuwa hewa kidogo iliyonaswa kwenye mirija. Mpira mnene wa kesho ungeingia katika nyama ile. "Unaona nini?" Kadzo akauliza. Nikamwambia. "Mulungu wangu," akasema, akamfunika mtoto kwa shuka haraka, kama kwamba mpira uko tayari pale chumbani.

Nilimngojea Daktari Mkuu mlangoni kwake. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba nimemtazama mtoto wa kitanda cha nne na hana maji kifuani. Hakunikemea kwanza. Alinitazama kwa uchovu.

"Mwikali, ulisoma wapi?"

Nikamwambia.

"Hawakukufundisha kwamba sauti haipiti kwenye hewa? Mashine ile haioni pafu."

"Walinifundisha, Daktari. Haipiti kwenye hewa. Ndiyo maana najua hamna hewa mle, kwa kuwa imepita. Na ingekuwa maji ningeona meusi. Njoo utazame mwenyewe, ni dakika mbili."

"Wewe ni daktari?"

"La, Daktari."

"Basi kapige picha za mimba."

Nimetafakari mara nyingi kwa nini hakuja kutazama. Chumba chake na changu vilitenganishwa na hatua ishirini. Nadhani mtu anaweza kuogopa hatua ishirini kuliko anavyoogopa kosa, kwa sababu kosa likitokea hutafutiwa jina, lakini zile hatua kila mtu angeziona. Wakati ule sikuwa na tafakuri yoyote. Nilikuwa na hasira ya ujana, safi, isiyo na huruma, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nisilale usiku ule, nikafika kazini alfajiri kabla ya wafagiaji.

Bwana Nazir alikuwa ameitwa aje kutia sahihi ya ruhusa. Nilimkuta barazani, kofia mapajani, kalamu mkononi, karatasi juu ya goti. Alikuwa mtu mpole, aliyewaheshimu wasomi mpaka akawa anasimama daktari akipita. Bi Shirin alikuwa amesimama mbele yake. "Hutatia sahihi," alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Kwanza uone. Ukishaona, ukitaka kutia, tia." Yeye akasema, "Shirin, mimi muuza vitambaa, nitaona nini?" Nikasema, "Utaona, Bwana Nazir. Nipe dakika tano."

Nilichukua mpira mmoja wa mkononi, ile glavu wanayovaa wauguzi, nikaujaza maji ya bomba na kuufunga kwenye kifundo, ukawa umefura vidole vyote vitano. Nikaulaza kitandani, nikakiweka kifaa juu yake. Kwenye kioo vikatokea vidole vyeusi tititi. "Haya ni maji," nikamwambia. Akainama, miwani karibu iguse kioo. Nikabonyeza mpira, weusi ukatikisika. Kisha Bi Shirin akamkalisha Zarina pale pale, nikaweka kifaa mgongoni mwake. Kijivu. "Na hili ni pafu la mwanao." Akaniomba nirudie. Nikarudia, mpira, mgongo, mpira, mgongo, naye akawa anatazama kwa makini ya mtu aliyezoea kushika vitambaa viwili na kuambiwa ni kimoja. Zarina akasema, uso umezama kwenye mto, "Baba, kama ni kitambaa ungekubali?" Bwana Nazir akaichomeka kalamu mfukoni. Daktari Mkuu alipokuja na vyombo vyake, alimkuta mzee yule amesimama mlangoni mwa wodi, kofia kichwani. "Shukurani, Daktari, mpira hatutaki," akasema. Ilimtoka kwa shida, lakini ilimtoka. Daktari akanitazama mimi juu ya bega la Bwana Nazir, nami sikuinamisha macho.

Sasa tulikuwa tumekataa, na kukataa si dawa. Kadzo ndiye aliyejua la kufanya. Aliwahi kuuguza watoto wa kikohozi kizito, akasema, unawalaza kichwa chini, unawapiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama bakuli mpaka gundi iachie. Basi tukaweka matofali chini ya miguu ya kitanda, Bi Shirin akajifunza kupiga, asubuhi, mchana na jioni, pu-pu-pu-pu, sauti iliyojaa wodi nzima hata watoto wengine wakawa wanaiimbia. Tulimpa maji mengi na chumvi kadiri alivyotaka. Daktari mdogo wa zamu, ambaye hakutaka ajulikane, alimwandikia dawa kali ya vijidudu vya kawaida vya kifua. Na kila siku saa saba na nusu mimi nikampaka mafuta mgongoni na kutazama. Karatasi za kuchapia picha zilikuwa zinahesabiwa na ofisi, kwa hiyo nilichora kwa penseli katika daftari la shule, umbo la mgongo, mbavu, na kivuli cha kijivu kilipofika siku ile. Siku ya kwanza kijivu kote. Siku ya pili kote. Siku ya nne Zarina alikataa kupigwa, akalia, akasema tumuache afe kwa raha yake, na Bi Shirin akamwambia, "Kufa utakufa, lakini si leo, leo nimeshapika," akaendelea kupiga.

Siku ya sita, tukiwa tunakunywa chai barazani, tulisikia kikohozi cha aina nyingine, kirefu, cha kutoka chini kabisa. Tulikimbia. Alikuwa amekaa wima, machozi yanamtoka, na mkononi katika kibakuli ameshika kitu cha kijani, kigumu, chenye matawi, kama mzizi mdogo uliong'olewa. Alikuwa anakitazama kwa fahari. Mchana ule, kwenye kioo, juu ya bega la kulia, nyama ilikuwa imeondoka. Mahali pake palikuwa na ukungu, ule ukungu wa hewa ambao chuoni waliniambia hauna maana, na juu yake mstari mmoja mweupe, mwembamba, ukiteleza kwenda na kurudi kila alipovuta pumzi. Sijawahi kuona kitu kizuri kuliko mstari ule. Kila siku ulishuka kidogo. Niliuchora ulipofika, nikaandika tarehe, na Zarina akadai atie sahihi yake chini ya kila mchoro, kwa kuwa, alisema, pafu ni lake.

Wiki ya tatu aliweza kupanda ngazi za baraza bila kusimama. Lakini Daktari Mkuu aliandika katika jalada kwamba kifua kikuu kimeanza kuitikia matibabu, ingawa hakuwa amepewa dawa yake hata moja, na kwamba sindano zianze mara moja. Familia ikakataa sindano. Akakataa kuwapa barua ya kumruhusu mtoto kurudi shule. Na siku moja saa saba na nusu alifungua mlango wa chumba changu bila kubisha, akatukuta: mimi, Zarina mgongo wazi, daftari limefunguliwa. Alisoma kurasa mbili tatu. Nilidhani sasa, sasa atauliza. Akalifunga na kuliweka juu ya rafu. "Nakupa onyo kwa maandishi," akasema, "na kuanzia leo mgonjwa asiyekuwa mjamzito haingii hapa bila sahihi yangu." Usiku wa kuamkia kesho yake daftari halikuwapo tena juu ya rafu, kwa sababu Bi Shirin alikuwa ameshaondoka nalo jioni, chini ya sufuria.

Alilipeleka Nairobi. Alimtafuta daktari wa watoto aliyetajwa na nduguye kwa barua, mama mmoja mtu mzima, akamwekea daftari mezani kabla hata ya kumkalisha mtoto. Yule mama, Bi Shirin alinisimulia baadaye, alifungua kurasa moja moja, akarudi mwanzo, akauliza, "Nani amechora haya?" Kisha akatuma jasho la Zarina likapimwe.

Majibu yalikuwa bado hayajaja nilipoitwa mbele ya kikao. Walikuwa watatu, msimamizi, mkuu wa wauguzi na Daktari Mkuu, na mezani karatasi iliyopigwa taipu tayari. Ilisema kwamba mimi ninakiri kutumia kifaa cha hospitali kinyume cha maagizo, na kwamba ninakiri kuwapotosha wazazi wa mgonjwa kwa picha zisizo na maana. Nitie sahihi, yaishe. Msimamizi, mtu wa kwetu Ukambani, aliniinamia akaninong'oneza kwa lugha ya nyumbani kwamba nisiwe mjinga, kazi hazipatikani. Nilisoma karatasi mara mbili. Nikasema, "La kwanza ni kweli, nitalitilia sahihi. La pili ni uongo." Daktari akasema karatasi ni moja. Nikachukua kalamu, nikalifuta lile la pili kwa mstari ulionyooka, nikaandika pembeni, *picha zilikuwa na maana*, nikatia sahihi chini. Nikawaambia nawatakia mchana mwema. Nilitembea mpaka chumba changu cha kupanga nyuma ya kinu cha unga, nikakaa kitandani, na hapo ndipo nilipolia, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda na nilijua vizuri nilichokuwa nimefanya. Mkataba wangu haukuandikwa upya. Nilipewa hadi mwisho wa mwezi.

Jibu la Nairobi lilifika wiki ya mwisho. Jasho lilikuwa na chumvi mara nyingi kupita kawaida. Ugonjwa ulikuwa ule ule wa mtoto wa Uingereza, na jina lake yule mama daktari aliliandika kwa herufi kubwa ili shule isome: sistik faibrosis. Chini yake akaandika kwamba mtoto hana kifua kikuu, haambukizi, na sindano zile asichomwe tena maishani. Bwana Nazir aliitoa nakala akaipeleka shuleni mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu mpaka ikasomwa kwa sauti. Nyingine aliiacha mezani kwa Daktari Mkuu. Mimi nilipata kazi Kilifi miezi michache baadaye, na huko hakuna aliyenikataza kutazama vifua. Nilivitazama mpaka nilipostaafu. Zarina alimaliza shule. Aliendesha duka la baba yake na kubishana na wateja kwa sauti kubwa. Aliishi miaka kumi na sita zaidi, kila siku akipigwa mgongo asubuhi na jioni, miaka kumi na sita ambayo karatasi ya ruhusa ya asubuhi ile ingeweza kuichukua yote.

Siku yangu ya mwisho katika hospitali ile ya kwanza Zarina alikuja na mama yake kuniaga. Nilikuwa ninakunja kitambaa cha maua cha Kadzo, mashine bado inawaka. Zarina akapanda kitandani kwa mazoea, kisha akabadili nia, akashuka. "Leo lala wewe," akasema. "Mimi sijaona pafu la mtu mzima asiyeumwa." Nikacheka, nikajikuta nimelala, blauzi imepandishwa, na mtoto yule mwenye mikono membamba ananipaka mafuta ubavuni, ameshika kifaa kama nilivyokuwa ninakishika. Alitafuta kwa muda. Akaupata. Nikaona kwa pembe ya jicho mstari mweupe ukiteleza, nami nikavuta pumzi ndefu ili auone vizuri.

"Linakwenda mbali hivyo?" akauliza. "Langu halifiki huku."

"Bado."

"Bado," akakubali, na macho yake hayakutoka kwenye kioo.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Mkuu alikuwa amekuja kuchukua funguo. Alisimama kizingitini, akaniona nimelala, akamwona Bi Shirin kitini na mikono kifuani, akamwona Zarina. Nilianza kuinuka. Zarina akanikandamiza bega kwa mkono wake mwingine, bila kugeuka.

"Ngoja kidogo, Daktari," akasema. "Hatujamaliza."

Naye akangoja.